Kuutambua Mti kwa Kichwa cha Ubao

Swali ambalo seremala wa Mombasa huulizwa kuliko jingine lolote, kupita hata lile la bei, ni hili: huu ni mti gani? Huulizwa na mwenye nyumba ya zamani anayetaka kubadilisha kizingiti kilichooza, huulizwa na kijana aliyerithi kasha la nyanya yake, na huulizwa na mnunuzi aliyeuziwa ubao kwa jina moja kisha jirani akamwambia jina jingine. Mji wetu una sababu ya kuuliza. Kwa karne nyingi mbao zimeingia hapa kwa njia zote: msaji ulikuja kwa vyombo vya bahari kutoka India, mvule na mbambakofi ilikatwa katika misitu ya pwani yenyewe, boriti za mikoko zilitoka Lamu na delta ya Rufiji, na siku hizi malori huleta mbao kutoka Tanzania, Uganda na Kongo. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 ngome ilipokuwa imezingirwa, ilikuwa imeundwa Bassein, nchini India, mwaka 1681. Basi hata chini ya maji ya bandari yetu kuna mbao zilizovuka bahari kabla ya kutufikia.

Ninaandika haya kwa sababu majibu mengi ninayoyasikia hutolewa kwa kutazama rangi peke yake, na rangi ni shahidi dhaifu mno. Katika miaka yangu ya kutengeneza upya milango na samani za Mji wa Kale nimefikia imani moja, ambayo ndiyo nitakayoieleza hapa: mti hutambuliwa kwa kuondoa majina yasiyowezekana moja baada ya jingine, mbele ya kichwa cha ubao kilichokatwa upya, na jina linalobaki husemwa kwa kiwango kile tu ambacho ushahidi unaruhusu.

Nianze na hiyo rangi, ili tuiweke mahali pake. Mvule uliopasuliwa leo huwa na rangi ya manjano iliyofifia. Ukiachwa kwenye mwanga hugeuka taratibu kuwa wa kahawia yenye dhahabu, kisha kahawia ya giza. Mfenesi, ambao ni wa ukoo mmoja na mvule, hubadilika vivyo hivyo, na ndiyo maana meza ya mfenesi iliyokaa sebuleni miaka mingi huitwa mvule na watu wasio na nia mbaya yoyote. Msaji usiopakwa kitu, ukikaa nje, huwa wa kijivu. Lakini mbao ngumu karibu zote zikipigwa na jua na upepo wa chumvi bila kinga huishia kwenye kijivu hicho hicho. Milango ya nakshi, nayo, imepakwa mafuta vizazi kwa vizazi mpaka ikawa nyeusi, na mgeni akiiona husema papo hapo kwamba ni mpingo. Mpingo ni mti mwembamba, uliopinda, wenye kiini kidogo, na mtu aliyewahi kuuona umesimama hawezi kutarajia upatikane ubao wake wa upana wa bawa la mlango.

Harufu husaidia zaidi, mradi shombo la rangi na vanishi liwe limeondoka na unyoe utepe mpya wa mbao, kisha uulowanishe kidogo kwa maji ya moto. Msaji hutoa harufu inayokaribia ya ngozi iliyotengenezwa, na ukiupapasa vidole huhisi utelezi wa nta. Muhuhu, ambao wachonga vinyago wa Changamwe wameutumia kwa muda mrefu, hutoa harufu tamu kama ya msandali. Mwangati hunukia penseli, kwa kuwa penseli zimetengenezwa kwa mti huo na jamaa zake. Mtu mwenye pua nzuri anaweza kuufahamu msaji kabla hajafungua mfuko wake wa vifaa. Hata hivyo harufu hupungua kwa umri, na ubao uliokaa karne nzima katika ukuta wa chokaa unaweza kunyamaza kabisa.

Ushahidi wenyewe uko kwenye kichwa cha ubao, yaani upande ule ambao msumeno umekata nyuzi zote kwa kukingama. Hapo ndipo mti huonyesha jinsi ulivyopitisha maji na kuhifadhi chakula chake, na mambo hayo hayabadiliki kwa jua, kwa mafuta wala kwa umri. Utaratibu wake unataka subira. Sehemu ya mwisho ya ubao wa zamani imekwisha kuliwa na hewa, kwa hiyo kata kwa msumeno wa meno madogo upana wa vidole viwili ndani ya ubao. Usisugue kwa msasa, kwa sababu vumbi lake huziba vitundu vyote na kukuachia uso laini usiosema lolote. Lowanisha sehemu ndogo ya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kisha pitisha wembe mpya mara moja, kwa mkono ulioegemezwa, ukinyoa ngozi nyembamba sana. Wembe uliowahi kunyoa mbao mbili tatu huchana nyuzi badala ya kuzikata, na nyuzi zilizochanika huficha kile unachokitafuta. Tazama kwa lenzi inayokuza mara 10, ya aina ile ile wanayotumia masonara, ukiiweka karibu na jicho na kuuleta ubao kwenye lenzi, si lenzi kwenye ubao. Simama dirishani. Mwanga wa mchana unaoingia kwa pembeni ni bora kuliko taa yoyote niliyoijaribu.

Jambo la kwanza la kutazama ni kama kuna vitundu. Miti yenye majani mapana, ambayo kitaalamu ndiyo huitwa ya mbao ngumu hata pale mbao zake zinapokuwa laini, ina mishipa ya maji ambayo kichwani huonekana kama matundu madogo. Mwangati, saiprasi na msonobari haina mishipa hiyo, na kichwa chake huonekana kimejaa bila tundu. Hapa kuna mtego ambao watu wa pwani wanapaswa kuujua: mvinje, kwa kuutazama ulivyosimama ufukweni na sindano zake, huonekana kama jamaa wa msonobari, lakini kwa kweli ni wa kundi la majani mapana, mbao zake zina vitundu, na ni nzito na ngumu mno.

Pili, tazama vitundu hivyo vimepangwaje. Msaji ukiwa na pete za ukuaji huwa na mstari wa vitundu vikubwa mwanzoni mwa kila pete, kisha vidogo vilivyotawanyika, na mstari huo hukaa ndani ya utepe mwembamba wa tishu ya rangi hafifu. Mvule, mkangazi na mbambakofi huwa na vitundu vilivyotawanyika kote bila safu ya namna hiyo. Tofauti hii moja, ambayo mtoto wa shule anaweza kufundishwa kuiona, huondoa zaidi ya nusu ya mabishano ya mtaani kuhusu kama mlango fulani ni wa msaji au si wa msaji.

Tatu, na hapa ndipo penye utajiri wote, tazama tishu nyepesi iliyozunguka vitundu. Katika mvule tishu hiyo hutoka kila upande wa kitundu kama mbawa ndefu, na mbawa za kitundu kimoja hukutana na za jirani yake mpaka zikafanya mistari yenye mawimbi inayokatiza kichwa cha ubao. Katika mbambakofi huzunguka kila kitundu kwa umbo la jicho au la almasi, pana katikati na lenye ncha fupi pande mbili, na macho hayo huonekana hata bila lenzi mara tu kichwa kinapolowanishwa. Katika mkangazi huwa haba sana. Utaona utando mwembamba tu, au hutaona kitu. Ningeshauri mtu yeyote anayeanza ajifunze sura hizi tatu kabla ya kujifunza jambo jingine, kwa kutumia vipande ambavyo asili yake haina shaka, na azichore kwa mkono wake. Kuchora hulazimisha jicho kutulia, na karatasi yenye mchoro mbaya lakini wa kweli imenifaa kuliko picha nyingi za simu.

Nne, chungulia ndani ya vitundu vyenyewe, ukivitazama pia kwenye uso wa ubao ambako huonekana kama mifereji mirefu. Mkangazi mara nyingi huwa na utomvu mweusi uliokauka. Mbambakofi huwa na unga au chembe za rangi nyeupe au manjano. Mvule, pamoja na utando unaometa ndani ya vitundu, unaweza kubeba mawe: madini ya chokaa yaliyojikusanya ndani ya mti ukiwa hai, magumu kiasi cha kulivunja ukingo jino la randa. Fundi aliyesikia randa yake ikigonga jiwe ndani ya ubao safi usio na msumari hahitaji kuambiwa mara mbili jina la ubao huo.

Uzito nao una sehemu yake, lakini lazima upimwe, usikisiwe kwa mkono. Kata kipande chenye pembe sawa, kipime urefu, upana na unene kwa sentimita, zidisha upate ujazo, kisha kipime kwenye mizani ndogo. Mimi humwendea sonara wa jirani, ambaye mizani yake husoma hata sehemu ya gramu. Gramu ukizigawa kwa sentimita za ujazo unapata msongamano. Maji ni 1, na mpingo, unaokaribia 1.2 au zaidi, huzama. Msaji, mvule na mninga hukaa kwa jirani ya 0.65, mkangazi huwa chini ya hapo, mbambakofi hukaribia 0.8, muhuhu hupanda zaidi ya 0.9. Asiye na mizani anaweza kuchukua kijiti chembamba chenye unene sawa mwanzo hadi mwisho, akakisimamisha ndani ya chupa ndefu ya maji huku kikigusa ukuta kidogo tu ili kisianguke, na kutazama ni sehemu gani ya urefu wake imezama. Sehemu nane kati ya kumi maana yake ni 0.8. Soma haraka, maana mbao hunywa maji. Tena kumbuka kwamba mti ule ule mmoja hutofautiana kulingana na mahali ulipoota na unyevu uliobaki ndani, kwa hiyo uzito huondoa majina yaliyo mbali na hauwezi kuchagua kati ya yaliyo karibu. Msaji, mvule na mninga haitenganishwi na mizani yoyote duniani.

Kazi iliyonionyesha vizuri zaidi jinsi mambo haya yanavyoshikana ilikuwa ya mlango mmoja karibu na Ndia Kuu. Mwimo wa kushoto ulikuwa umeoza chini, pale unapokaa kwenye kizingiti, kwa sababu ya unyevu uliopanda ukutani, na mwenye nyumba, bibi wa makamo ya juu aliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo, alitaka sehemu iliyooza ikatwe na kuungwa kipande kipya bila kuugusa mwimo uliobaki. Mafundi waliokuja kabla yangu walisema ni msaji, kwa hoja kwamba nyumba ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi. Mwuza mbao alisema ni mvule. Mzee mmoja wa mtaani, aliyeketi barazani na fimbo yake, alisema ni mbambakofi na hakutoa sababu.

“Mwanangu,” bibi aliniambia, “kila apitaye ana jina lake. Mimi nataka mti ule ule, si jina.”

Maneno yake yalikuwa ya haki, na kiufundi yalikuwa sahihi. Mbao tofauti hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti masika yanapoingia na kaskazi inapokausha, na kiungo cha miti miwili isiyopatana hufunguka ufa mwembamba unaokaribisha maji. Isitoshe mbao nyingine zina tanini nyingi inayoweka doa jeusi kila penye msumari wa chuma na unyevu, na doa hilo lingeonekana kwenye kipande kipya na lisionekane kwenye cha zamani.

Nilichukua sampuli kutoka sehemu iliyokwisha kuharibika, kwa ruhusa yake, nikikata kutoka nyuma ambako mwimo uligusana na ukuta, mpaka nikafikia mbao ngumu yenye rangi ya hudhurungi nyekundu. Utepe nilioulowanisha haukuwa na harufu ya ngozi, na vidole havikuhisi nta. Hilo lilitia shaka msaji bila kuuondoa, kwa sababu mbao zilikuwa za zamani. Kilichouondoa ni wembe: vitundu vilikuwa vimetawanyika, hakuna hata safu moja ya vikubwa kando ya pete. Mvule ulibaki, na mvule ni jina la busara kabisa kwa mlango wa pwani. Lakini tishu nyepesi haikufanya mbawa zilizokutana. Ilifanya macho, moja moja, kila kitundu na jicho lake, pamoja na mistari myembamba iliyokatiza kwa mbali kuonyesha mwisho wa pete. Ndani ya mifereji kulikuwa na chembe za manjano iliyopauka. Kipande cha sentimita 10 kwa 5 kwa 2 kilisoma gramu 81 kwenye mizani ya sonara, yaani 0.81. Mvule ungekuwa mwepesi kuliko hapo kwa kiasi kinachoonekana wazi. Mzee wa barazani alikuwa amesema kweli, na nilipokwenda kumwambia alinieleza kwamba aliwahi kufanya kazi ya kupasua mbao Kwale alipokuwa kijana, na kwamba uzito wa mbambakofi begani hausahauliki.

Ningeweza kusimama hapo, na watu wengi wangesimama. Ila kuna mti mwingine, Intsia, ambao katika Asia ya kusini mashariki huitwa merbau na ambao huota pia kwenye pwani na visiwa vya Bahari ya Hindi, Madagaska ikiwemo. Ni jamaa wa karibu sana wa mbambakofi: una macho yale yale kuzunguka vitundu, una chembe zile zile za manjano, na uzito wake unakaribiana. Lenzi ya mara 10 mikononi mwa seremala haitoshi kuapa kwamba ni huu na si ule. Kwa hiyo nilimwandikia bibi kwenye karatasi kwamba mwimo ni wa jenasi Afzelia, yaani kundi la miti jamaa lenye jina hilo, kwa dalili zote nilizoweza kuona, na kwamba kwa kuzingatia mahali na aina ya jengo yaelekea kabisa ni Afzelia quanzensis, ambao ndio mbambakofi wetu unaoota Shimba Hills na Arabuko-Sokoke. Baadhi ya wenzangu huona uandishi wa namna hii ni woga. Mimi naona ni heshima kwa mwenye mali na kwa fundi atakayeufungua mlango huo miaka mingi baada yetu.

Kupata kipande cha kuungia kulikuwa kazi ya pili ya utambuzi. Mbambakofi mpya siuchukui bila karatasi za asili yake, basi nikatafuta mbao zilizookolewa kutoka majengo yaliyobomolewa. Boriti ya kwanza niliyoonyeshwa katika yadi moja ya mbao ilitajwa kuwa mbambakofi, na kwa rangi ilifanana kabisa: hudhurungi yenye wekundu, safi, imekauka vizuri. Niliinyoa ubavuni na kuitazama uso wake wa nje wa pete, ule ambao msumeno hupita sambamba na gome. Palikuwa na mawimbi madogo mno, yamepangwa safu juu ya safu, kama mchanga wa ufukweni maji yanapokupwa. Mawimbi hayo hutokea pale ambapo miale ya mti, yaani tishu zinazotoka katikati kwenda nje, imepangwa kwa ghorofa sawa, na ni dalili inayojulikana ya mninga na jamaa zake. Uzito nao ulikuwa wa chini.

Kwa mninga kuna jaribio jingine ambalo ni jepesi na zuri kulitazama. Weka maranda machache ya kiini chake ndani ya glasi ya maji safi, yaache kwa muda, kisha yaangazie kwa kurunzi ya urujuanimno, ile ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia. Maji hutoa mng’ao wa buluu. Hata juani, ukiiweka glasi mbele ya kitambaa cheusi, unaweza kuuona mng’ao huo pembezoni. Mwenye yadi alisimama na kutazama glasi ile pamoja nami, akawaita na vijana wake, na boriti ile ikaandikwa upya kwa chaki kuwa mninga. Hakuwa mdanganyifu, alikuwa ameinunua kwa jina hilo. Ni mbao nzuri sana, tulivu kwa msimu wa mvua na wa kiangazi, ila haikuwa ya mlango ule. Boriti iliyofaa tuliipata baadaye, fupi na yenye matundu ya misumari ya zamani, lakini yenye macho, chembe na uzito vilivyolingana na sampuli yangu nilipoviweka sambamba chini ya lenzi moja. Huo ndio ulinganisho ninaouamini kuliko kumbukumbu: vichwa viwili vilivyonyolewa kwa wembe mmoja, vimelowanishwa kwa maji yale yale, vikitazamwa dakika hiyo hiyo.

Majina ya sokoni yanahitaji tahadhari ya pekee. Katika yadi zetu neno mahogani hubeba mbao nyekundu za aina nyingi: mkangazi, sapeli ya Kongo, na wakati mwingine mukau wa Ukambani. Zote ni za ukoo mmoja, na kwa kabati la jikoni tofauti yake inaweza isimsumbue mtu. Lakini tangu serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma mwezi Februari 2018 na biashara ikaegemea zaidi mbao za nchi jirani, jina limekuwa pia jambo la sheria. Karibu miti yote ya jenasi Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingizwa mwaka 2017 katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 uliongeza humo Afzelia, Khaya na Pterocarpus za Afrika, yaani mbambakofi, mkangazi na mninga pamoja na jamaa zake. Mtu anayesafirisha kasha au mlango kwenda ng’ambo kupitia bandari yetu anahitaji kujua kwa hakika ameshika nini, na jina la chaki kwenye ubao halimsaidii mbele ya afisa. Katika hali hiyo lenzi ya seremala isiwe neno la mwisho. Peleka kipande kwa wataalamu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ambayo ina kituo cha mazao ya misitu Karura. Hadubini huonyesha chembe na kuta za tishu ambazo jicho letu halifiki. Mwenye intaneti anaweza pia kutumia hifadhidata ya InsideWood ya Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, iliyo wazi kwa wote, ingawa humfaa zaidi mtu aliyekwisha kujifunza kusoma kichwa cha ubao, kwa kuwa huuliza maswali kwa lugha ya tishu na si ya rangi.

Neno moja kuhusu vumbi, kwa sababu vijana hulidharau. Mbao isiyojulikana ni mbao ambayo hujui itakufanya nini kifuani. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuleta pumu kwa baadhi ya watu, la mpingo vilevile huwasha, na tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa ya kweli kabla ya kukata sampuli, si baada ya kujua jina.

Kinachonisaidia zaidi sasa ni kasha la sampuli ambalo nimelijaza polepole. Haliingii kipande ambacho asili yake ni ya kusikia tu. Kila kimoja kimetoka kwenye mti ulioonekana umesimama, ukiwa na majani au matunda yake, au kwenye jengo ambalo mbao zake zimethibitishwa maabarani, na kimekatwa nyuso tatu: kichwa, ubavu unaofuata miale, na uso unaofuata gome. Nusu moja ya kila kipande nimeipaka mafuta na kuiacha kwenye mwanga, nusu ya pili nimeifunga kwa karatasi nyeusi, ili mwanafunzi aone kwa macho yake mvule wa leo na mvule wa miaka kadhaa ukiwa ubao mmoja. Nyuma nimeandika jina la hapa pwani, jina la kisayansi, mahali, mwaka na uzito kwa sentimita ya ujazo. Kipande cha mlango wa Ndia Kuu kimewekwa katika kasha dogo la pembeni pamoja na vingine vya namna yake, kikiwa kimeandikwa jenasi peke yake, na nafasi ya jina la pili iko wazi mpaka hadubini iseme. Nimewaomba mafundi wenzangu wa Kibokoni na Majengo walete vyao pia, hasa mfenesi, mkwaju na mwarobaini, ambayo watu huikata viwanjani mwao na kuitupa kwa kudhani haina thamani, maana hiyo ndiyo miti tutakayokuwa tukiipata zaidi miaka ijayo na ndiyo ambayo vichwa vyake wachache wetu wamewahi kuvitazama.